Benjamin Thompson, Mtu Aliyepima Moto wa Jikoni

Mwaka huu wenzangu wengi chamani wamechagua kuandika juu ya marais na wanamuziki. Mimi nimemchagua mtu wa meko. Msicheke kwanza! Kwetu mama hununua makaa kwa mkebe, na siku yakiisha kabla ya maharagwe kuiva, tunalala na mkate mkavu. Kwa hiyo mtu aliyetumia akili zake zote kuuliza kwa nini moto unapotea bure, huyo kwangu ni mtu wa maana.

Benjamin Thompson alizaliwa tarehe 26 Machi 1753 huko Woburn, Massachusetts, wakati Marekani ilipokuwa bado chini ya Waingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga. Alipokua alifanya kazi dukani huku akijisomea sayansi. Wakati mmoja baruti ya fataki alizokuwa akitengeneza ilimlipukia ikamchoma vibaya. Baadaye akawa mwalimu mjini Concord, ambao zamani uliitwa Rumford. Mnamo 1772, akiwa na miaka 19, alimwoa Sarah Rolfe, mjane tajiri aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Wakapata binti mmoja, naye pia akaitwa Sarah.

Hapa ndipo hadithi inapoharibika kidogo. Vita vya uhuru vilipoanza, Thompson aliwapelekea Waingereza habari za siri. Majirani wakawa wameshamshuku, na mwaka 1776 akavuka bahari kwenda London. Mke na mtoto akawaacha. Mama yule alifariki mwaka 1792 bila kumwona tena mumewe. Mimi jambo hilo linanikera sana, lakini tuendelee.

Huko Uingereza alipanda vyeo upesi upesi, kisha akaenda Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kumtumikia mtawala Karl Theodor. Mji wa Munich ulikuwa umejaa ombaomba. Tarehe 1 Januari 1790 Thompson na maafisa wa jeshi waliwakusanya kutoka barabarani, wakapelekwa kwenye nyumba kubwa ya kazi, wakapewa chakula, mahali penye joto, na kazi ya kutengeneza nguo za askari. Sasa, kulisha mamia ya watu kila siku si mchezo. Kuni ziligharimu pesa. Basi akaanza kupima kuni zinazoingia mekoni na chakula kinachotoka.

Akagundua kumbe kuni hazikuwa chache. Shida ilikuwa mahali pa moto. Moto wa wazi ulimchoma mpishi uso, ukapasha dari, na sufuria ikapata masalio tu. Thompson akajenga meko ya matofali yaliyofungwa pande zote. Kila sufuria ilikaa ndani ya tundu lake, ikiwa na moto wake mdogo chini na kijimlango cha kupunguza hewa. Tena aliwaonya wapishi kwamba maji yakishachemka, hata ukichochea vipi hayawi moto zaidi, yanakauka tu. (Hili nilimweleza mama. Akanijibu kwamba yeye alilijua kabla sijazaliwa!) Supu aliyowapikia maskini ilikuwa ya shayiri, njegere, viazi, siki na mkate mkavu, ikitokota polepole.

Siku moja supu nzito ya wali ilimchoma mdomo ingawa ilikuwa imekaa kitambo. Mtu mwingine angelalamika akanyamaza. Yeye alianza kuchunguza kwa nini vitu vizito hukawia kupoa. Vilevile alipima manyoya, pamba na sufu, akaonyesha kwamba kinachotutia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Ndiyo maana jiko letu la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linanikumbusha yeye: udongo ule hauruhusu joto kutorokea pembeni ovyo.

Nanyi wa kidato cha tatu, yule wa mizinga kwenye Fizikia ndiye huyuhuyu. Aliona mzinga wa shaba unaotobolewa ukipata joto kali, akauzamisha ndani ya maji, farasi wakazungusha mtambo, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka bila moto wowote! Aliyatangaza hayo mwaka 1798.

Bavaria ilimpa cheo cha Count, naye akachagua jina la Rumford, mji uleule alioukimbia. Aliporudi London mwaka 1795 alikuta nyumba zimejaa moshi. Meko ya Waingereza yalikuwa mapana kama mlango, na joto lote lilipaa kwenye dohani. Yeye hakuleta mashine. Alileta matofali na chokaa tu: akafupisha kina cha meko, akainamisha kuta za pembeni ili zirudishe joto chumbani, na koo la dohani akalibana hadi inchi 4. Moshi ukapanda, joto likabaki. Akarekebisha mamia ya meko hivyo, na aliandika kitabu ili fundi yeyote aige.

Mwaka 1799 alisaidia kuanzisha Royal Institution mjini London. Halafu akahamia Paris, na mwaka 1805 akamwoa Marie-Anne, mjane wa mwanakemia Lavoisier. Lo, nyumba ile! Yasemekana bibi alipokasirika aliyamwagia maua ya bwana maji yanayochemka. Sijui zilikwenda kuni ngapi. Walitengana mwaka 1809.

Rumford alifariki tarehe 21 Agosti 1814 huko Auteuil, karibu na Paris. Binti yake Sarah, yule aliyeachwa akiwa mdogo, aliwahi kumfuata Ulaya akaishi naye kwa muda, akarithi cheo chake. Hakuolewa. Alirudi Concord alikozaliwa, akafia huko mwaka 1852.