Gandhi: Mgeni Aliyeaga Vema



Kuifikia nchi ya watu si kazi ngumu. Kuiacha vizuri ndiyo kazi. Mgeni aingiaye hupokewa, hupewa maji na mahali pa kulala, wala hakuna ajuaye bado moyo wake. Lakini siku ya kuondoka humfunua. Je, amelipa madeni yake? Amerudisha vitu alivyoazima? Amewaaga rafiki zake, na hata wale aliogombana nao?

Leo tutasimulia habari za mtu aliyefanya kazi ugenini, akahesabiwa miaka 21 tangu kufika hata kuondoka kwake kwa mwisho, akatoka bila kuchukua mali ya mtu. Mtu huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye watu wake walimwita Mahatma, yaani mwenye roho kuu. Alikuwa mtu wa dini ya Kihindu, wala hakubatizwa. Hata hivyo, amri ya kutokuiba Mungu ameiandika katika moyo wa kila mwanadamu, na katika jambo hili wengi waliobatizwa wanaweza kujifunza kwake.

Anakwenda ugenini

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Wazazi walimwoza Kasturba wakati wote wawili walipokuwa wangali watoto. Mwaka 1888 alikwenda London kusoma sheria, na mwaka 1891 akarudi kwao akiwa wakili. Lakini kazi haikumwendea vema. Ndipo ikaja habari ya kazi kutoka kwa Dada Abdulla, mfanyabiashara Mwislamu, Mhindi mwenzake, aliyekuwa na maduka Afrika ya Kusini. Yeye alitafuta mtu wa kuwasaidia mawakili wake katika kesi moja kubwa. Mapatano yalikuwa ya mwaka mmoja: paundi 105, chakula na malazi, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi.

Gandhi alishuka merikebuni Durban mwezi wa Mei 1893. Siku chache baadaye, alipokuwa akisafiri kwenda Pretoria, alitupwa nje ya gari la moshi usiku katika stesheni ya Pietermaritzburg. Tikiti yake ilikuwa ya daraja la kwanza, lakini ngozi yake haikuwa nyeupe.

Kesi yenyewe ilikuwa ya deni. Dada Abdulla alimdai jamaa yake Tyeb paundi 40,000. Gandhi aliona kwamba mawakili wa pande zote mbili watakula mali, na ndugu watabaki adui. Akawasihi wamchague mwamuzi. Mwamuzi akaamua Tyeb alipe paundi 37,000 na gharama za kesi. Fedha hiyo yote kwa mara moja ingemfilisi, na kwa wafanyabiashara wale kufilisika kulikuwa aibu iliyopita kifo. Basi Gandhi akamwendea tena Dada Abdulla, akamwomba apokee malipo kidogo kidogo kwa muda mrefu. Dada Abdulla akakubali. Hivyo mwenye haki hakupoteza haki yake, wala mdaiwa hakuangamizwa.

Karamu ya kuagana isiyofikia mwisho

Mwaka 1894 kazi ilikwisha. Dada Abdulla akamfanyia karamu ya kuagana huko Durban. Katika karamu ile ile Gandhi akasoma gazetini kwamba serikali ya Natal inatengeneza sheria ya kuwanyang'anya Wahindi haki ya kupiga kura. Akawaonyesha wenzake. Nao wakamwomba akae mwezi mmoja tu, awasaidie kupinga sheria hiyo.

Akakubali, lakini alikataa kabisa kulipwa kwa kazi ya watu wote. Alisema atakula kwa jasho la uwakili wake. Basi wafanyabiashara wakampa kesi zao, na Dada Abdulla akamnunulia vyombo vya nyumba badala ya zawadi ya kuagana. Mwezi ule ukazaa miaka. Mwezi wa Agosti 1894 wakaanzisha chama chao, Natal Indian Congress. Gandhi alikuwa mwandishi wake, naye alishika hesabu kwa uangalifu mkubwa: kila aliyetoa mchango, hata ukiwa mdogo, alipewa stakabadhi.

Dhahabu ya mwaka 1901

Mwaka 1901 Gandhi alitaka kurudi kwao pamoja na mke na watoto. Aliogopa asije akageuka mtu wa kutafuta fedha tu. Wahindi wa Natal wakamruhusu kwa sharti moja: wakimhitaji kabla ya mwaka kupita, arudi. Kisha wakamletea zawadi: saa za dhahabu, mikufu ya dhahabu, pete za almasi, na vitu vya fedha. Kasturba naye alipewa mkufu wa dhahabu wenye thamani iliyopita paundi 50.

Usiku ule Gandhi hakulala. Alitembea huku na huku chumbani akijiuliza: Mali hii ni ya nani? Kama nimewatumikia watu bila mshahara, nawezaje kupokea mshahara siku ya mwisho kwa jina la zawadi? Na watoto wangu, je, watajifunza nini? Kukataa kulikuwa kugumu, lakini kupokea kulikuwa kugumu zaidi. Kabla ya mapambazuko alikuwa ameandika barua ya kuirudisha mali yote kwa jamii ya Wahindi wa Natal, iwekwe chini ya wadhamini. Mmoja wao aliyemchagua ni Parsi Rustomji, mfanyabiashara wa Durban. Ndiye aliyewapokea Kasturba na watoto nyumbani mwake mwaka 1897, siku kundi la wazungu wenye hasira lilipompiga Gandhi njiani.

Asubuhi alizungumza kwanza na wanawe, nao wakakubali upesi. Lakini Kasturba hakukubali. Machozi yakamtoka. Akamkumbusha mumewe kwamba vito vyake mwenyewe alikwisha kumnyang'anya. Akauliza wakwe watakaokuja kesho watavikwa nini. Tena akasema kwamba utumishi wa mume ni utumishi wa mke pia: yeye alipika, akafua, akawahudumia wageni mchana na usiku; basi ule mkufu aliupata kwa haki.

Wapenzi, tusimcheke mama huyu. Maneno yake yalikuwa na uzito. Mume anapofunga mzigo wa safari, mara nyingi hupima mambo yote peke yake, naye mke huona tu kwamba vitu vimetoweka. Mwishowe Gandhi alimshinda, lakini yeye mwenyewe aliungama baadaye kwamba ridhaa ile aliipata kwa kumbana. Hati ikaandikwa, vitu vikawekwa benki, vitumike kwa mahitaji ya watu. Ndipo wakapanda merikebu.

Sharti nalo halikusahauliwa. Mwaka 1902 waya ulifika Bara Hindi kumwita, na kabla ya mwaka huo kuisha Gandhi alikuwa amerudi Afrika ya Kusini.

Hesabu ya mwisho

Safari hii alifungua ofisi ya uwakili Johannesburg. Wakati mmoja mteja wake, jina lake Badri, alimwachia fedha zake. Gandhi, kwa idhini ya Badri, akamkopesha mama mmoja mwenye mkahawa paundi 1,000 katika fedha hizo. Mkahawa ukaanguka, fedha zikapotea. Gandhi hakusema kwamba Badri mwenyewe alikubali. Alilipa paundi zote 1,000 kutoka mfukoni mwake. Dawa ya deni ni kulipa.

Mwaka 1904 alinunua shamba la eka 100 hivi huko Phoenix, karibu na Durban, akalihamishia kiwanda cha kuchapa gazeti la Indian Opinion. Lakini mwaka 1912, miaka miwili kabla ya kuondoka, aliandikisha hati ya kuliweka shamba hilo mikononi mwa wadhamini, lisiwe tena mali yake. Hakungoja siku ya merikebu. Kwa sababu hiyo kazi haikufa alipoondoka: gazeti lile liliendelea kutoka hata mwaka 1961.

Lilibaki jambo kubwa kuliko mali. Wahindi walioletwa kwa mkataba wa kazi, walipomaliza muda wao, walitozwa kodi ya paundi 3 kila mwaka, na mishahara yao ilikuwa shilingi chache kwa mwezi. Tena mwaka 1913 hakimu wa Cape aliamua kwamba ndoa zisizofungwa kwa desturi ya Kikristo hazitambuliwi. Hivyo wake wa Wahindi wengi wakahesabiwa kama si wake. Mwezi wa Novemba 1913 Gandhi aliwaongoza watu zaidi ya 2,000, wanaume, wanawake na watoto, wakavuka kwa miguu mpaka wa Transvaal bila kushika silaha. Wengi walifungwa. Msichana Valliamma, mwenye miaka 16, alitoka gerezani akiwa mgonjwa, akafa mwezi wa Februari 1914.

Mwaka 1914 Gandhi na Jenerali Smuts walipatana. Sheria mpya ikaondoa kodi ya paundi 3 na kuzitambua ndoa. Gandhi akaandika barua kwa serikali, akaeleza wazi mambo yaliyokwisha na yale yaliyobaki bado kudaiwa, kama leseni za biashara na haki ya ardhi. Hakutaka mtu yeyote, wa serikali au wa upande wake, aseme kesho kwamba alidanganywa.

Kisha akazunguka kuaga. Huko Johannesburg mwezi wa Julai alikwenda makaburini kumheshimu Valliamma na Nagappan, kijana mwingine aliyekufa kwa ajili ya vita ile ya amani. Kwa Smuts, aliyemtia gerezani, alimpelekea jozi ya ndara zilizotengenezwa kwa mikono yake gerezani. Smuts alizivaa miaka mingi, na mwaka 1939, Gandhi alipotimiza miaka 70, akamrudishia kwa heshima. Tarehe 18 Julai 1914 Gandhi na Kasturba walipanda merikebu Cape Town, katika daraja la tatu. Wakafika Bombay mwezi wa Januari 1915. Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948, na vitu alivyoacha vilikuwa vichache mno.

Deni lisilolipwa

Haifai kumsifu mtu kwa kuficha upungufu wake. Katika miaka yake ya kwanza Afrika ya Kusini, Gandhi aliandika juu ya watu weusi, wenyeji wa nchi ile, kwa maneno ya dharau. Na haki alizopigania zilikuwa za Wahindi. Kwa ajili ya maneno hayo sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018. Basi tujue: mtu aweza kumaliza hesabu na wenzake hata senti ya mwisho, akasahau deni la heshima kwa mwenye nchi aliyempokea.

Nasi je?

Vijana wetu nao huenda mbali kutafuta kazi, kwenye machimbo ya Katanga na ng'ambo ya mipaka. Wengine hurudi mchana, wakisindikizwa na jirani. Wengine hutoroka usiku: mwenye duka anadai, mwenye nyumba anadai, na mwanamke ameachwa na mtoto asiye na baba. Mtu wa namna hiyo afungapo sanduku lake, hufunga pia mali ya watu ndani yake, na mpaka wa nchi haulifuti deni. Tena yule atakayekwenda ugenini baada yake atakuta mlango umefungwa kwa sababu ya mwenzake.

Yafaa basi kuanza mapema. Andika madeni yako ungali na kazi. Rudisha ulivyoazima. Mali ya chama au ya kanisa uliyoishika, ikabidhi mbele ya mashahidi. Zungumza na mkeo kabla ya kuamua, si baadaye. Mwendee uliyegombana naye. Kisha aga mchana.

Maswali ya kujiuliza

1. Kwa nini Gandhi hakuweza kulala usiku ule wa mwaka 1901?
2. Kasturba alidai haki gani, naye mumewe alikosa wapi?
3. Kama ningeitwa kuondoka kesho asubuhi, ni nani angesimama njiani kunidai?