Bertha Benz: Mama aliyepeleka gari kwa fundi wa viatu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimelala chini ya gari langu kuukuu, mgongo kwa kadibodi, nikipigana na bolti mbili za kalipa, kile chuma kinachokumbatia diski ya breki. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili, wapi! Kutu ilikuwa imeishika kama deni. Kama umewahi kubadilisha breki pedi mwenyewe unajua huo uchungu: ukivuta spana kwa hasira, kichwa cha bolti kinaliwa, kinakuwa mviringo, na sasa huna pa kushika. Basi nikanyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaigonga kwa nyundo mara kadhaa ili yapenye, nikaiacha ilale nayo.

Nilipokuwa nimekaa kwa ngazi na mikono myeusi, nikaanza kusoma kwa simu ili nijue hii biashara ya pedi ilianza vipi. Si injinia aliyeianzisha. Ni mama wa watoto wanne, mwaka wa 1888, na fundi aliyemsaidia alikuwa wa viatu.

Anaitwa Bertha Benz. Ndio, Benz hiyo hiyo unayoiona ikipita ukiwa umebanwa kwa matatu.

Alizaliwa Bertha Ringer tarehe 3 Mei 1849, mjini Pforzheim, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala mwenye uwezo, na inasemekana Bertha alipozaliwa mzee aliandika kwenye Biblia ya familia kwamba kwa bahati mbaya ni msichana tena. Hebu fikiria ukue ukijua hilo limeandikwa hapo. Chuo kikuu hakukuwa na nafasi ya msichana. Alichojua kuhusu mashine alikipata kwa kuuliza na kutazama.

Kisha akampenda Karl Benz, injinia mwenye akili nyingi na mfuko mtupu. Karl alikuwa na mshirika wa karakana ambaye hakutegemeka, biashara ikawa inazama. Kwao mahari ilitoka upande wa msichana, si kama kwetu ambapo ni kijana anayehema. Mwaka wa 1871, kabla hata ya harusi, Bertha alimwomba baba yake ampe fungu lake mapema, na pesa hizo zikamlipa yule mshirika aondoke. Wakaoana 1872. Hapo ndipo sheria ilipomgeukia: msichana asiyeolewa angeweza kuweka pesa zake kwenye biashara, lakini akishakuwa mke, uwezo huo ulikwisha. Pesa ni zake, karakana ni ya mume.

Ilifuata miaka ya njaa, sitakuchosha nayo. Usiku wa kuamkia mwaka wa 1880, Bertha na Karl walisimama karakanani wakaisikia injini yao ikinguruma kwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Januari 1886 Karl akawasilisha ombi la hataza ya gari la magurudumu matatu. Hataza nambari 37435. Jina la Bertha halimo.

Na bado hakuna aliyenunua! Karl alikuwa wale watu wa kurekebisha kitu milele badala ya kukitoa nje. Gari lilizungushwa tu karibu na nyumbani, huku pesa za Bertha zikiliwa na kutu.

Sasa sikiza alichofanya. Agosti 1888, mapema asubuhi, Karl akiwa bado amelala, Bertha aliwachukua wanawe Eugen, miaka 15, na Richard, miaka 13, wakalitoa gari na kuondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake. Hakumuomba mume ruhusa. Ni kama kilomita 106, yaani Nairobi hadi Naivasha na kuzidi kidogo, kwa barabara za mikokoteni ya farasi.

Mafuta yaliisha. Hakukuwa na kituo cha petroli popote duniani, kwa hivyo huko Wiesloch aliingia duka la dawa akanunua ligroini, kitu ambacho watu walitumia kuondoa madoa kwa nguo. Maji ya kupoza injini yalichemka na kuisha, wakawa wanajaza kila walipopata maji. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa cheche ulipochubuka, akaufunga kwa ule mkanda wa kushikilia soksi. Mnyororo ukatengenezwa na mhunzi. Milimani, vijana walishuka wakasukuma.

Lakini kupanda si shida kama kushuka. Kama umewahi kuteremka Mai Mahiu nyuma ya lori linalonuka breki, unanielewa. Breki za gari la Benz zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamiza magurudumu ya nyuma ukivuta wenzo. Mbao ikisuguana hivyo kwa kilomita nyingi inaisha, na Bertha alikuwa na watoto wawili ndani. Katika kijiji cha Bauschlott alimtafuta fundi wa viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya zile mbao.

Ukitoa pedi yako leo, angalia vizuri. Kuna bamba la chuma ambalo haliishi, na juu yake kuna kitu kingine kilichobandikwa ili kiliwe badala yake. Kikiisha unatupa, unaweka nyingine. Hiyo ndiyo ngozi ya Bauschlott.

Walifika jioni. Bertha akamtumia Karl telegramu, na siku chache baadaye wakarudi na gari lao. Alirudi na orodha: breki zinahitaji ngozi, milima inahitaji gia ya chini. Karl aliongeza gia. Habari zilienea, na watu waliokuwa wakiliogopa gari wakaanza kuuliza bei.

Bertha aliishi miaka 15 baada ya Karl, aliyefariki 1929. Tarehe 3 Mei 1944, alipotimiza miaka 95, Chuo cha Ufundi cha Karlsruhe kikampa heshima ya useneta. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilisoma hiyo sehemu mara mbili. Siku mbili baadaye, alifariki nyumbani kwake Ladenburg.

Bolti yangu ilifunguka Jumapili asubuhi. Niliikaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo nikaivuta kurudi, polepole, na bomba refu kwenye mkono wa spana. Pedi ya zamani ilikuwa imebaki chuma kitupu.