Frantz Fanon: Tabibu wa Kasumba

Frantz Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique kilichokuwa koloni la Ufaransa. Watoto weusi wa kisiwa hicho, vizazi vya watumwa, walisomeshwa kwa Kifaransa na kufunzwa kuidharau Krioli, lugha ya nyumbani. Aliyekimudu Kifaransa alihesabiwa kuwa mtu kuliko mwenziwe. Imani hiyo haikuhitaji askari wa kuilinda, kwani wazazi waliwarithisha watoto nao watoto wakaambukizana. Hiyo ndiyo kasumba.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Fanon alijitolea kuipigania Ufaransa, akajeruhiwa na kutunukiwa nishani. Hata hivyo, alibaini kwamba askari mweusi hakuhesabiwa sawa na mweupe. Baada ya vita alisomea udaktari wa magonjwa ya akili mjini Lyon. Mwaka 1952 alichapisha kitabu chake cha kwanza, *Peau noire, masques blancs*, ambacho sura yake ya kwanza inahusu lugha.

Mwaka 1953 aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria. Huko alikumbana na kasumba iliyovaa joho la sayansi. Profesa Antoine Porot na wafuasi wake mjini Algiers walifundisha kwamba Mwalgeria alikuwa mhalifu kwa maumbile. Wanafunzi waliyapokea hayo, nao wakawa waalimu. Kenya nayo haikusalimika. J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake yaliyotafuta chanzo cha Mau Mau zaidi katika nafsi ya Mwafrika kuliko katika ardhi aliyonyang'anywa.

Fanon mwenyewe hakuwa na kinga kamili. Tiba ya pamoja aliyoianzisha Blida iliwafaa wanawake wa Kizungu, lakini wanaume Waislamu hawakuiitikia. Yeye na mwenzake Jacques Azoulay walitambua kuwa walikuwa wamewabebesha wagonjwa utamaduni wa kigeni, tena wakizungumza nao kupitia wakalimani. Wakafungua mkahawa wa kienyeji, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu na kumwalika msimulizi wa hadithi. Wagonjwa wakaanza kushiriki.

Mwaka 1956 Fanon alijiuzulu, kisha akajiunga waziwazi na wapigania uhuru wa Algeria mjini Tunis. Katika *Les Damnés de la terre* (1961) aliwajibu Porot na Carothers kwa majina. Alifariki kwa saratani ya damu tarehe 6 Desemba 1961 nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa katika ardhi ya Algeria. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga kwa jina *Viumbe Waliolaaniwa*.

Maisha yake yanadhihirisha kuwa kasumba husambazwa pia na watu wenye elimu na nia njema, na kwamba hata tabibu wake hana budi kujichunguza. Msomi wa Kiswahili anayemcheka mwenziwe kwa lafudhi ya Kiingereza chake naye ameambukizwa.