Harry Thuku: Mshukiwa ambaye hakusomewa shtaka

KABLA ya barabara inayopita karibu na Kituo cha Polisi cha Central, jijini Nairobi, kupewa jina lake, Harry Thuku alifungiwa papo hapo akisubiri kesi ambayo haikusikizwa kamwe.

Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, Kiambu. Alifika Nairobi akiwa kijana, na mnamo 1911 akapatikana na hatia ya kughushi hundi. Alifungwa miaka miwili.

Baada ya kifungo hicho alipanga chapa katika gazeti la Leader, kisha akawa karani wa simu katika afisi ya hazina ya serikali. Mnamo 1921 aliongoza East African Association, chama kilichopinga kipande, nyongeza ya kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Machi 14, 1922, polisi walimkamata. Kinyume na ilivyokuwa 1911, safari hii hapakuwa na shtaka wala hakimu.

Wafanyakazi waligoma, na kufikia Machi 16 maelfu ya watu walikuwa wamezingira kituo wakitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua rinda lake na kuwasuta kwa woga wao, akawataka wampe suruali zao. Umati ulisonga mbele, nao askari wakafyatua risasi. Inasimuliwa kuwa walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Hoteli ya Norfolk nao walifyatua. Serikali ilisema waliofariki ni 21, ingawa wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Sheria ya kikoloni ilimruhusu gavana kumhamisha Mwafrika bila kumfikisha kortini. Thuku alipelekwa Kismayu, na baadaye akazuiliwa sehemu nyingine, ikiwemo Marsabit. Alikaa kizuizini karibu miaka tisa, hadi mwishoni mwa 1930.

Aliporejea alichukua msimamo wa wastani, akatofautiana na wanasiasa wenzake, akajishughulisha na kilimo cha kahawa. Aliaga dunia Juni 14, 1970.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mtu akikamatwa Kilimani au katikati ya jiji, sharti aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya korti iwapo muda huo utaishia wakati korti zimefungwa. Huko ni lazima asomewe shtaka, aelezwe kwa nini azidi kuzuiliwa, au aachiliwe. Uamuzi wa kumshtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, wala si wa afisa aliyemtia pingu.

Hata moja kati ya hayo Thuku hakulipata.