Maria Sibylla Merian (1647–1717): Msanii kama Mchunguzi wa Maumbile

Uhusiano baina ya sanaa na maumbile umejadiliwa sana na wananadharia, aghalabu kwa kuzingatia namna msanii anavyoiga uhalisi. Maisha ya Maria Sibylla Merian yanaibua hoja nyingine: kwamba msanii hawezi kuiga vyema kile asichokielewa.

Merian alizaliwa Frankfurt, akafunzwa uchoraji na baba yake wa kambo, Jacob Marrel, aliyekuwa mchoraji wa maua. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri. Zama hizo wengi waliamini kwamba wadudu huzuka wenyewe kutokana na uozo. Yeye alichora alichokishuhudia: yai, kiwavi, bundo na kipepeo, pamoja na mmea anaoula kiwavi huyo. Matokeo ya uchunguzi huo aliyachapisha mwaka 1679 na 1683.

Baada ya kuhamia Amsterdam mwaka 1691, aliona makusanyo ya wadudu waliokaushwa kutoka nchi za joto. Hayakumridhisha, kwani hayakubainisha wadudu hao walizaliwaje wala walikula nini. Hivyo, mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alisafiri na binti yake Dorothea hadi Suriname, koloni la Waholanzi. Ugonjwa ulimlazimisha kurejea mwaka 1701. Kitabu chake cha *Metamorphosis insectorum Surinamensium*, chenye michoro 60, kilitoka mwaka 1705. Baadaye Linnaeus aliitumia michoro yake katika kuainisha viumbe.

Hata hivyo, pana jambo lisilopaswa kupuuzwa. Sehemu ya maarifa hayo aliipata kwa watumwa, wenyeji wa asili na Waafrika, waliomkusanyia wadudu na kumweleza matumizi ya mimea. Ni yeye aliyeandika kwamba wanawake watumwa walitumia mbegu za mmea mmojawapo kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Ushahidi huo mzito aliuhifadhi, lakini majina ya waliompa hakuyataja.

Kwa hiyo, Merian anatuachia mafunzo mawili. Kwanza, msanii hana budi kuyafuata maumbile yanakoishi na kuyachunguza kwa subira. Pili, maumbile hayo huwa tayari yana wajuzi wake, na mhakiki anayeisifu kazi ya msanii ana wajibu wa kuuliza ni nani waliomfundisha kuona.