Maisha ya Daktari Theodor Bilharz, Mgunduzi wa Mnyoo wa Kichocho

Wapo watu ambao majina yao tunayataja kila siku bila kujua kwamba walikuwa watu. Mimi nililikariri neno bilharzia tangu shule ya msingi, nikaliandika katika mitihani na kupata alama, na siku zote nilidhani ni neno tu la Kizungu kama malaria. Kumbe ni jina la ukoo! Ni jina la kijana mmoja Mjerumani aliyefariki dunia jijini Kairo mwaka 1862 akiwa na umri wa miaka 37. Ugonjwa wenyewe Waswahili huuita kichocho. Nimechagua kuandika habari zake katika jarida letu la mwaka huu kwa sababu nina deni naye, na deni hilo nitalieleza, ijapokuwa naona haya kidogo.

Theodor Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto tisa. Alisoma Freiburg kisha Tübingen, akapata tuzo kwa insha aliyoandika kuhusu damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Insha ya damu, jamani! Sisi hapa tukiambiwa tuandike ukurasa mmoja na nusu tunalia.

Mwaka 1850 mwalimu wake, Daktari Wilhelm Griesinger, aliitwa Misri kuwa tabibu wa mtawala Abbas na kusimamia mambo ya afya ya nchi. Griesinger akamchukua Theodor awe msaidizi wake. Kijana alikuwa na miaka 25, ndiyo kwanza amemaliza masomo. Akafika Kairo, akapangiwa kazi katika hospitali ya Kasr al-Aini, kando ya mto Nile.

Sasa, Misri ya wakati huo ilikuwa na jambo moja la ajabu. Wanaume na wavulana wengi walikuwa wakikojoa damu. Askari wa Napoleon walioivamia nchi hiyo mwaka 1798 walipatwa na balaa hilo hilo, na madaktari wao wakabaki wakikisia tu. Wengine walidhani ni jua kali. Wenyeji nao walikuwa wamekwisha kuzoea. Jambo likimpata kila mtu, mwishowe huonekana si ugonjwa tena.

Hapa inanibidi nijitaje. Mimi ni mtoto wa Makongeni, lakini kila Desemba mama hunipeleka ocha kwa mjomba, upande wa Kwale. Nilipokuwa kidato cha kwanza, likizo nzima tuliogelea na binamu zangu katika bwawa moja lenye maji yaliyotulia na majani kandokando. Nikarudi Nairobi nimenenepa. Mwezi wa Machi, siku moja nikiwa chooni, matone ya mwisho ya mkojo yalikuwa mekundu. Si mwanzo wa mkojo, ni mwisho. Nilipigwa na butwaa. Nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami methali hiyo niliijua barabara, ila nilinyamaza wiki tatu nzima.

Mama alipogundua kwa kuona nguo zangu, tulikwenda zahanati moja mtaani. Mkojo wangu haukupimwa. Niliulizwa maswali ambayo siwezi kuyaandika hapa, mbele ya mama yangu mzazi, kisha nikadungwa sindano za kisonono. Mimi ambaye hata barua ya mapenzi sijawahi kuandika! Mama hakusema neno njia nzima mpaka nyumbani. Kimya hicho kiliniuma kuliko sindano.

Basi turudi Kairo. Bilharz yeye hakukisia. Aliingia katika chumba cha maiti, akapasua na kutazama kwa hadubini. Mwaka 1851, ndani ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, akakuta minyoo weupe, membamba, wenye urefu wa sentimita moja hadi mbili. Mwanzoni alidhani ni wa aina moja. Alipotazama vizuri zaidi akaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: dume alikuwa amejikunja kama jani la mgomba, na katika mkunjo ule alikuwa amemkumbatia jike mwembamba kama uzi. Huishi hivyo, wawili wawili, miaka mingi. Tarehe 1 Mei 1851 alimwandikia barua mwalimu wake wa zamani, Carl Theodor von Siebold, kumweleza habari hizo na kumchorea picha.

Angeweza kuishia hapo akapata sifa zake. Lakini akaendelea kuuliza: je, minyoo hawa wa kwenye damu wanahusiana vipi na ule mkojo mwekundu? Akachunguza vibofu vya maiti. Katika kuta zake akakuta vidonda na uvimbe, na ndani ya uvimbe mayai, kila yai lina mwiba mkali nchani. Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka.

Ili tuelewane, yafaa tuingie mwilini kidogo. Figo zetu ni mbili, ziko nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, kila moja kama ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Damu hupita humo mchana na usiku, na kwa siku moja maji yanayochujwa hufika lita 180 hivi, yaani mitungi tisa ile ya lita 20 tunayopangia foleni mitaani maji yakikatika. Karibu yote hurudishwa katika damu. Kinachobaki, kama lita moja na nusu pamoja na taka za mwili, ndicho mkojo. Hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni, ukangoja hapo mpaka mwenyewe aombe ruhusa ya mwalimu.

Wengi wetu hufikiri mnyoo wa kichocho hukaa ndani ya mkojo. Sivyo. Hukaa katika mishipa ya damu inayokizunguka kibofu. Jike hutaga mayai huko, na yale yenye mwiba hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke nje. Kibofu kinapojikaza kumalizia mkojo, ndipo damu hudondoka. Ndiyo sababu matone yangu mekundu yalikuwa ya mwisho! Mayai mengine hukwama palepale. Mwili huyazungushia makovu, kibofu kikawa kigumu, na mirija ikiziba mkojo hurudi nyuma ukaivimbisha figo na kuiharibu polepole. Baada ya miaka mingi kibofu chaweza kupata hata saratani. Griesinger alipohesabu maiti walizopasua, karibu theluthi moja zilikuwa na alama za ugonjwa huu.

Nisije nikamtia mtu hofu bure: si kila mkojo mwekundu ni kichocho. Mawe ya figo huleta damu pamoja na maumivu makali ya ubavuni. Maambukizi ya njia ya mkojo huwasumbua zaidi wasichana kwa kuwa njia yao ni fupi, na hayo huchoma wakati wa haja, nasi tunayasaidia kwa kutokunywa maji na kubana mkojo kutwa nzima kwa kuchukia vyoo. Hata kiazi chekundu kile cha saladi chaweza kukutisha asubuhi. Kwa hiyo dawa ni kupima, wala si kubahatisha.

Bilharz alipanda cheo, mwaka 1856 akawa profesa wa anatomia hukohuko Kairo. Aliandika kitabu kizima juu ya kambare wa Nile mwenye kutoa umeme, kikachapishwa mwaka 1857. Mtu wa namna gani huyu, leo minyoo kesho umeme! Nafikiri alikuwa mtu asiyeweza kupita kitu bila kukichungulia. Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa mtawala mmoja wa Kijerumani, Ernst wa Pili, hadi Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu, katika nchi ambayo leo ni Eritrea. Huko akashikwa na homa kali. Alirejea Kairo na tarehe 9 Mei akakata roho. Alizikwa katika mji huohuo.

Kinachonisikitisha ni kwamba alikufa bila kujua mnyoo wake huingiaje mwilini. Jibu lilikuja mwaka 1915, Mwingereza Robert Leiper alipoonyesha, hukohuko Misri, kwamba mayai yakifika majini huanguliwa, vijidudu vikaingia kwa konokono, vikakua, kisha vikatoka kumtafuta binadamu na kupenya ngozi yake akiwa majini. Huhitaji hata kuyanywa maji. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1910, daktari mwingine, Marc Armand Ruffer, alikuwa amekuta mayai hayohayo katika figo za maiti za kale za Misri, zenye umri wa miaka 3,000. Kumbe Bilharz alikuwa amegundua ugonjwa mkongwe kuliko vitabu vyetu vingi.

Nami nilipona vipi? Mwalimu wetu wa baiolojia aliona nimenyong'onyea, akanihoji kando, na nikamwambia kuhusu lile bwawa. Hakucheka. Alimwomba mama anipeleke maabara, niende na mkojo wa saa sita mchana, kwa maana mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne na saa nane, tena nikimbie kidogo kwanza. Yule mpimaji aliniita nichungulie mwenyewe. Nikaliona yai, la mviringo mrefu, na mwiba wake nchani, kama lile alilolichora Bilharz. Mama alichungulia pia. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akanishika bega.

Nilimeza vidonge vya prazikwanteli kulingana na uzito wangu, vichungu ajabu, vyote siku moja. Baadaye nilipopimwa tena, mkojo ulikuwa safi. Nilipomsimulia binamu yangu, alishangaa kwa nini nilifanya makubwa. Yeye na wenzake wote wamewahi kukojoa damu, akadhani ndiyo kubaleghe. Nao walipewa vidonge shuleni kwao. Lakini bomba la kijiji likikauka, na hukauka mara nyingi, nguo hufuliwa na ng'ombe hunyweshwa katika bwawa lilelile, na watoto huingia kuoga.