Maisha ya Mbegha na Malezi ya Kijana

Katika kufundisha historia, mara nyingi twawataja watawala kwa vita vyao tukasahau kwamba kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto. Katika makala haya tumechagua maisha ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi katika milima ya Usambara, karne ya 18. Habari zake zilipokewa kwa mdomo, kisha zikaandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi.

Yasimuliwa kwamba Mbegha alizaliwa Ngulu, na meno yake ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na desturi ilitaka auawe kwa kuhofiwa kuleta msiba. Wazazi wake walikataa, wakamlea. Walipofariki, jamaa walimnyima urithi kwa sababu ya ukigego huo, wakamsingizia uchawi.

Mbegha hakushika silaha juu ya ndugu zake. Alichukua mbwa, mikuki na nyavu za kuwindia, akaenda Kilindi, akawa rafiki mkubwa wa mtoto wa mkuu wa mji. Siku moja rafiki huyo aliuawa na mnyama mawindoni. Mbegha alikimbia bila kumkabili baba wa marehemu. Tusiwafiche wanafunzi jambo hili, maana shujaa naye huogopa.

Alipofika Usambara aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Aliamua magomvi ya watu kwa haki. Watu wa Bumbuli walimpa mke. Vugha aliua simba, na wenyeji wakamfanya mtawala wao. Mwanawe, Bughe, alitegemezwa na wajomba zake wa Bumbuli. Wao ndio waliomwomba awe mkuu wao, na baba alipokufa alitawala Vugha.

Mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba mapokeo haya yamechanganya historia na mafumbo. Kisha awagawe katika vikundi, wajadili maswali matatu: Nani alimtegemeza Mbegha, na nani alimtupa? Ni mambo gani aliyoyachagua mwenyewe? Bughe alipata nini ambacho baba yake alikikosa ujanani? Wataona kwamba juhudi ya Mbegha ilikuwa kubwa, lakini isingekuwapo kama wazazi wake wangeitii desturi.

Tunashauri mwanafunzi asilazimishwe kueleza habari za nyumbani kwake mbele ya wenzake, kwani darasani wamo yatima na waliokataliwa na jamaa zao.

Mwisho, tujihoji sisi walimu. Tumpapo mtoto jina la mjinga au mkorofi tangu muhula wa kwanza, twamfanya kigego. Mbegha alipata mlima mwingine wa kupanda. Mwanafunzi wetu huenda asiupate. Basi kabla hatujamhukumu, tumwulize kwanza ni nani anayemtegemeza.